Tanuri la udongo: Toa moshi wa mikate jikoni, upeleke uani

Kila Ramadhani inapokaribia, majiko ya nyumba nyingi za Pwani na Visiwani huongezewa kazi. Mkate wa kumimina hupaliwa makaa juu na chini, na mkate wa ufuta hugeuziwa kwenye moto mpaka uive. Kazi hiyo huchukua alasiri nzima, mara nyingi ndani ya chumba kidogo chenye dirisha moja, huku mtoto mchanga akiwa mgongoni mwa mama au amelala mkekani pembeni. Leo tuzungumzie namna ya kuitoa kazi hiyo nje, kwa kujenga tanuri la udongo uani.

Tanuri si jambo geni kwetu. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, tannur, na waliopita chuoni wanalikumbuka katika kisa cha Nabii Nuhu (a.s.) ndani ya Surat Hud. Wazee wetu nao walioka mkate wa mofa, wa unga wa mtama, katika tanuri la udongo.

Kwa nini nje?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na kati ya hivyo zaidi ya 237,000 vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto anayevuta moshi huo anakaribia kuwa na hatari maradufu ya kupata homa ya mapafu. Mama naye huandamwa na kikohozi kisichokwisha, na mwenye pumu huzidiwa.

Wapo wanaosema, "Mimi natumia mkaa, hauna moshi." Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mwili hukosa hewa bila mtu kujua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea, na aliyefunga anaweza kudhani ni njaa tu. Ukimwona mtu hivyo karibu na jiko la makaa, mtoe nje penye hewa na umpeleke hospitali haraka.

Mwenye gesi au umeme aendelee navyo, kwani ni safi kuliko kuni. Makala haya ni kwa ajili ya yule anayeoka kwa kuni au makaa.

Chagua mahali kwanza

Kwa wakazi wa Pwani, tazama upepo. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi kutoka kaskazini mashariki, na kusi huvuma katikati ya mwaka kutoka kusini mashariki. Pepo zote mbili zina asili ya mashariki, kwa hiyo tanuri likiwa upande wa magharibi wa nyumba, moshi utaikimbia nyumba karibu mwaka mzima. Lakini kumbuka kuwa magharibi yako ni mashariki ya jirani yako. Kama moshi utaishia dirishani kwake, sogeza tanuri, maana jirani ana haki yake. Liwe mita 3 au zaidi kutoka ukutani, na mbali zaidi na paa la makuti.

Namna ya kujenga

Kwanza, jenga msingi wa mawe au matofali hadi kimo cha kiuno, kama sentimita 80, ujaze kifusi. Kimo hiki humwokoa mwokaji na maumivu ya mgongo, na humweka mtoto mdogo mbali na mlango wa moto.

Pili, juu ya msingi laza chupa tupu za kioo ndani ya udongo uliochanganywa na vumbi la mbao. Hewa iliyomo huzuia joto lisipotelee chini. Weka mchanga kidogo, kisha panga matofali ya kuchoma yakiwa yamebanana na kulingana vizuri. Hiyo ndiyo sakafu ya tanuri.

Tatu, rundika mchanga mbichi juu ya sakafu kwa umbo la kuba, upana sentimita 70 na kimo sentimita 40. Ufunike kwa karatasi zilizoloweshwa. Tafadhali usitumie gazeti hili, wala karatasi yoyote yenye aya au jina la Mwenyezi Mungu.

Nne, changanya udongo wa mfinyanzi sehemu 1 na mchanga wa mto sehemu 2 hadi 3, ukanyage kwa miguu. Finyanga donge, liachie lianguke kutoka kimo cha kiuno. Likisambaa, maji yamezidi. Likivunjika vipande, ni kavu mno au mchanga umezidi. Likibaki donge, uko sawa. Zungushia kuba unene wa sentimita 8.

Tano, udongo ukishakaza, kata mlango wa kimo cha sentimita 25 na upana wa sentimita 35, kisha toa mchanga wote. Vipimo hivi usivibadilishe ovyo. Mlango mrefu mno hutoa joto lote, na mfupi mno huunyima moto hewa, ukajaa moshi.

Sita, ongeza tabaka la nje la udongo na vumbi la mbao, unene wa sentimita 10. Acha likauke, kisha washa moto mdogo kila siku kwa siku kadhaa. Nyufa ndogo zizibe kwa udongo. Kazi yote huchukua wiki kadhaa, basi ianze wakati wa kiangazi, si masika, wala usisubiri mwezi uandame. Jenga na paa la juu la kulikinga na mvua.

Kuoka bila moto

Choma kuni kavu kwa saa 2 hivi, mpaka masizi meusi ndani ya kuba yaungue na kutoweka. Kokoa makaa yote nje, pangusa sakafu kwa kitambaa kibichi kilichofungwa kwenye mti, halafu rusha unga kidogo. Ukigeuka mweusi papo hapo, subiri. Ukiwa wa kahawia taratibu, ingiza mikate na uzibe mlango. Faida kubwa ya tanuri ni kwamba mkate huiva kwa joto lililohifadhiwa na udongo, wakati moto haupo tena na hakuna aliyeinamia makaa. Joto hilo hilo linaweza kutosha mikate ya nyumba mbili au tatu.

Makaa yaliyokokolewa yatie kwenye ndoo ya chuma na uyazime kwa maji. Usiyaingize chumbani.

Vitu vya kuepuka

Usitumie zege ndani ya tanuri, hupasuka kwa joto. Bati lenye zinki likiungua hutoa mvuke unaoleta homa na kifua kubana. Vipande vya paa kuukuu la asbesto visiguswe kabisa. Usichome mbao zenye rangi au dawa, wala kuwashia mifuko ya plastiki, kwani sumu yake huingia kifuani na kwenye mkate. Na usimwage mafuta ya taa juu ya makaa ya moto.

Akiungua mtu

Mwagia jeraha maji safi ya baridi, si barafu, kwa dakika 20. Vua pete na bangili mapema kabla hapajavimba. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala udongo, na malengelenge usiyatumbue. Funika kwa kitambaa safi. Nenda hospitali kama aliyeungua ni mtoto, au jeraha limezidi kiganja cha mgonjwa mwenyewe, au lipo usoni, mikononi, miguuni au sehemu za siri.

Ndugu msomaji, udongo na mchanga gharama yake si kubwa. Kinachotakiwa ni wanaume wa nyumba kutoa nguvu zao siku chache, ili mama na watoto wapumue. Tukutane toleo lijalo, inshaallah.