Mukono wa roboti: tupige hesabu mbele ya kufungua sanduku



Mu musimu wa kahawa uliopita, wanafunzi wawili wa chuo cha ufundi walikuja katika mukutano wa koperative moja ya Kivu yenye tunafuata. Wote wawili ni watoto wa wanamemba. Waliomba musaada wa kununua mukono wa roboti kwa ajili ya kazi yao ya mwisho wa masomo. Walisema mukono huo utachagua kahawa: utatosha mbegu mbaya na kuacha nzuri. Bei yenye walileta ilikuwa dola 400.

Feza ilikuwa mu sanduku, lakini ilikuwa ya kununua sashe za pepinyere. Na wamama wenye kuchagua kahawa, wenye walikuwa wamekaa nyuma, walinyamaza. Kiisha mumoja akauliza: «Na sisi tutakula nini?»

Hatukujibu mbio-mbio. Tuliomba siku tatu, tukafanya hesabu pamoja na wale vijana. Tunawaletea hesabu hizo hapa, juu maombi kama haya yatafika kwenu pia.

1. Kazi ni gani?

Mbegu moja ya kahawa arabika yenye kukauka iko na uzito wa karibu grame 0,15. Kilo moja, ni zaidi ya mbegu 6 600. Tuseme mbegu 5 katika kila 100 ni mbaya: hizo ni 330. Mukono ukitumia sekunde 5 kwa kushika mbegu moja na kuitupa, kilo moja tu itakula karibu nusu saa. Mama mwenye kuzoea anafanya kazi na mikono miwili na macho kwa wakati mumoja, hawezi kungojea hivyo.

Viwanda vikubwa navyo havichague kahawa na mukono. Kamera inaangalia mbegu wakati inaanguka, na hewa ya nguvu inasukuma ile mbaya kando. Kwa hiyo mukono wa bei kidogo hautaondoa wamama kwenye meza. Lakini pia hautafanya kazi yenye vijana walituahidi.

2. Iko na nguvu gani?

Mukono wa bei kidogo unatembezwa na motere ndogo zenye kuitwa servo. Ile ndogo kabisa, SG90, iko na meno ya plastiki na inainua karibu kilo 1,8 kwenye santimetre 1. Kwenye santimetre 20, inabakia grame 90 tu. MG996R iko na meno ya chuma. Inafikia karibu kilo 10 kwenye santimetre 1, ni kusema grame 400 kwenye santimetre 25. Na hapo hatujatosha uzito wa mukono wenyewe! Ni kama kushika jembe: ukilishika karibu na chuma, ni jepesi, ukilishika mwisho wa mupini, mukono unatetemeka.

3. Inakosea kiasi gani?

Mikono ya bei kidogo inaweza kukosea milimetre kadhaa. Kwa mbegu ya kahawa, yenye haifike hata santimetre moja upana, hiyo ni kosa kubwa. Lakini mudomo wa sashe ya pepinyere iko na karibu santimetre 10. Hapo kosa la milimetre 3 halileti hasara. Njo vijana wakabadilisha kazi: mukono utaangusha mbegu ndani ya sashe.

4. Umeme utatoka wapi?

MG996R moja, ikikwama, inaweza kuvuta zaidi ya ampere 2. Motere sita zikikwama pamoja, zinapita ampere 12. Musikubali zikule umeme wa karte Arduino yenye kuongoza mukono: itaungua. Zinaomba umeme wao wa volti 5 ao 6. Kama batri yenu ya jua ni ya volti 12, inaomba chombo cha kushusha volti, na fizibo.

5. Nani ataitengeneza?

Mukono wenye kuja umefungwa kabisa, ukiharibika, unalala mu kabati. Afazali mufano wenye plani zake ziko wazi kwa wote, kama MeArm: fundi mbao anaweza kukata vipande vyake hapa kwetu. Muandike tena katika budjeti motere mbili za akiba, usafiri na duane.

Tusizarau vijana wetu. Tangu 2013 Kinshasa inajua roboti za kuongoza magari kwenye njia panda, kazi ya Bi Thérèse Izay na wenzake, Wakongomani. Zilitengenezwa kwa kutumia nguvu ya jua. Akili iko. Kinachokosa mara nyingi ni hesabu ya mwanzo.

Kisha hesabu, bei ilishuka chini ya nusu. Koperative ilitoa mbao, mbegu na motere. Familia mbili zilitoa zingine. Feza ya sashe haikuguswa. Masharti yalikuwa mawili: kuonyesha kazi mbele ya mukutano, na kufundisha vijana wengine wane.

Siku ya kuonyesha, mbegu za kwanza zilianguka inje, juu meza ilikuwa inatikisika. Yule mama mwenye aliuliza swali alileta jiwe, akalifunga chini ya mukono na kamba. Sashe nane zikapata mbegu zake. Watu walipiga makofi, lakini tusijidanganye: kupanda sashe elfu kumi, bado ni mikono yetu. Koperative ilipata vijana wenye kujua kutengeneza motere, na ile pampu ya maji yenye ilikuwa imelala mwaka muzima, wao njo wanaiangalia sasa.

Wakija kwenu, muwaulize maswali matano haya. Wakijibu muzuri, muwasaidie. Wakikosa jibu, mukae nao chini na kalamu mbele ya kufungua sanduku.