Pampu ya Pumu na Kidonge cha Moyo
Ndugu zetu wa visiwani wanaopanda Bungu, milima ya Usambara, hukuta baridi wasiyoizoea, na mwenye pumu huenda kifua kikambana. Akivuta salbutamoli, moyo humdunda na mikono humtetemeka. Basi jamaa, kwa huruma, humpa kidonge chake cha moyo, propranololi. Hapo pana hatari.

Adrenalini, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, hufanya kazi kwa kushika vipokezi vya seli: beta-1 zaidi moyoni, beta-2 zaidi kwenye njia za pumzi. Salbutamoli huamsha beta-2, misuli ikalegea, pumzi ikapita. Propranololi huziba vyote viwili: moyo hutulia, lakini njia za pumzi huweza kubana, na pampu isisaidie ipasavyo.

Kuondosha madhara ni msingi wa Shari'ah. Nia njema haihalalishi kugawiana dawa. Muulizeni daktari, na kifua kikizidi kubana mkimbizeni mgonjwa hospitali. Aliyefunga asiache pampu kwa kuchelea Swawm: akihofia nafsi yake, afungue na atalipa siku nyingine, kama ilivyo katika Suratul-Baqarah, aya ya 185.

Wa Allaahu A'lam.