Wino Kwanza, Brashi Baadaye

Mwaka 1843 Henry Cole, mtumishi wa serikali jijini London, alikuwa na salamu nyingi za Krismasi za kupeleka na muda mchache wa kuziandika. Sehemu ya lawama ilikuwa yake mwenyewe, kwani miaka michache nyuma alikuwa miongoni mwa waliopigania posta ya peni moja iliyoanza 1840, ambayo iliwafanya Waingereza waandikiane barua kwa wingi. Akamwomba rafiki yake mchoraji, John Callcott Horsley, amchoree familia iliyoketi mezani ikinyanyua bilauri, na pembeni watu wakiwalisha na kuwavisha maskini. Picha ikachapwa kwa jiwe, mistari mitupu, kisha kila nakala ikapakwa rangi kwa mkono. Nakala zipatazo 1,000 ziliuzwa kwa shilingi moja kila moja. Wapinga pombe walinuna, maana pale mezani mtoto naye anaonjeshwa mvinyo. Hata hivyo hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa dukani, na mwaka 2001 nakala mojawapo ilinunuliwa mnadani kwa pauni 22,500.

Anayetengeneza kadi leo kwa muhuri wa mpira na rangi za maji hufuata utaratibu uleule: mstari huchapwa kwanza, rangi huja baadaye. Tofauti iko kwenye wino. Uchapaji wa jiwe hutumia wino wa mafuta, na mafuta hayapatani na maji. Wapaka rangi wa Cole wangeweza kupitisha brashi iliyolowa juu ya mstari wapendavyo, na mstari usitikisike. Mtengeneza kadi wa leo ana pedi za wino za kila namna, na nyingi kati yake huyeyuka zikiguswa na maji. Wanaoanza hulaumu brashi, mkono, hata kipaji, ilhali kosa lilishatendeka pale muhuri ulipogusa karatasi.

Pedi ya kawaida ya ofisini, ile ya bluu au zambarau, ni mfano mzuri. Wino wake kwa kawaida ni rangi iliyoyeyushwa ndani ya maji na kiowevu kinachozuia pedi isikauke mapema. Aliyewahi kuona cheti kilichonyeshewa mvua anajua muhuri wake ulivyogeuka wingu. Chapa ua kwa wino huo wa bluu, kisha lijaze rangi ya njano: petali zitatoka kijani cha tope. Hakuna brashi ya bei ghali itakayoziokoa.

Wino wa kadi, ule unaouzwa kwa ajili ya kazi hii, una makundi mawili makubwa. Katika kundi la kwanza rangi imeyeyuka kabisa ndani ya kiowevu chake. Hukauka haraka, huzama kwenye karatasi, na mara nyingi hutoka tena maji yakija. Katika kundi la pili rangi ni chembe ndogo ambazo hazikuyeyuka bali zimeelea tu, na zikikauka hukaa juu ya karatasi. VersaFine ya kampuni ya Tsukineko ya Japani ni ya kundi hili la pili, imetengenezwa kwa mafuta, na ikikauka vizuri hustahimili maji. Archival Ink ya Ranger ya Marekani nayo hustahimili. Memento, ambayo pia ni ya Tsukineko, hupendwa sana na wanaopaka kwa kalamu za spiriti, lakini chini ya brashi ya maji huvuja. Kampuni moja, pedi mbili, matokeo mawili tofauti kabisa. Ndiyo maana jina la kampuni kwenye kifuniko halitoshi kumwongoza mnunuzi.

Hata wino unaostahimili maji huhitaji kukauka. Dakika chache za subira, au hewa ya moto kutoka mashine ya kukaushia nywele, hutofautisha mstari mweusi safi na kivuli cha kijivu kinachotambaa hadi shavuni mwa malaika.

Wino unaoyeyuka, kwa upande wake, si adui siku zote. Ranger, wakishirikiana na msanii Tim Holtz, walitengeneza wino uitwao Distress Ink kwa makusudi ya kuchezwa na maji. Mtu huchapa jani, kisha hupitisha brashi yenye maji matupu upande wa ndani wa mstari. Mstari huyeyuka nusu, rangi yake huingia ndani ya jani na kufifia kadiri inavyosogea katikati. Jani limepata kivuli na mwanga bila rangi nyingine yoyote. Wengine huibonyeza pedi hiyo juu ya kigae cheupe au kipande cha plastiki, huongeza tone la maji, na kuchovya brashi humo kama kwenye paleti.

Kuna mchezo mwingine wa jamaa hiyo ambao watoto huupenda kuliko watu wazima. Muhuri hupakwa rangi moja kwa moja kwa kalamu za wino wa maji, zile za wanafunzi: kijani kwenye shina, nyekundu kwenye ua, njano kidogo katikati. Kwa kuwa wino wa mwanzo huwa umeanza kukauka kabla wa mwisho haujapakwa, mtu huufungulia mdomo muhuri na kuupumulia, pumzi ya joto, halafu ndipo anauchapa. Unyevu wa pumzi unatosha kuuamsha wino wote. Akipuliza maji kidogo badala ya pumzi, rangi hujichanganya zenyewe, na kila chapa hutoka tofauti na iliyotangulia.

Njia ya tatu ni ya kuficha mstari kabisa. Picha huchapwa kwa wino hafifu sana, wa rangi ya mchanga au kijivu cha mbali, tena unaoyeyuka. Brashi inapopita, mstari humezwa na rangi, na mwishowe kadi huonekana kana kwamba imechorwa kwa mkono mtupu. Hii ndiyo nzuri kuliko zote na ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu hakuna ukuta mweusi wa kusitiri mkono uliotetemeka. Anayeanza na aiache kwanza. Hata mwenye uzoefu hulalamika kwamba chini ya taa ya usiku mstari wenyewe hauonekani.

Ya nne ndiyo inayofaa zaidi kwa asiyejiamini. Muhuri huchapwa kwa wino mzito unaonata na usiokauka upesi, VersaMark kwa mfano. Juu yake hunyunyiziwa unga laini wa plastiki. Unga uliozidi hukung'utwa na kurudishwa kwenye kopo. Karatasi hupelekewa hewa ya moto sana hadi unga uyeyuke na kuwa mstari unaong'aa, uliovimba juu ya karatasi. Mstari huo ni tuta. Rangi ya maji inayotiwa ndani ya petali hufika kwenye tuta na kusimama, nayo plastiki hailowi. Unga ukiwa mweupe, mtu anaweza kufagia rangi ya bluu juu ya picha nzima bila hofu, kisha afute matone yaliyobaki juu ya mistari: maua meupe yatachomoza katikati ya bahari. Mashine ya nywele iliyotajwa juu haifai hapa. Joto lake ni dogo na upepo wake ni mkali, kwa hiyo unga huishia sakafuni kabla haujayeyuka. Panahitajika mashine ya hewa ya moto ya mafundi, ambayo huchoma vidole na karatasi vilevile, kwa hiyo isogezwe polepole na isikae mahali pamoja.

Unga wa maskini ni mshumaa. Mstari uliochorwa kwa mshumaa mweupe juu ya karatasi nyeupe hauonekani hadi rangi ipite. Hauwezi kufuata muhuri kwa usahihi, lakini kwa mawimbi, nyota au mvua nyuma ya picha unatosha.

Yote haya husimama au kuanguka kwa karatasi. Manila, rafiki wa kila mwalimu wa shule ya msingi, hufaa kwa mwili wa kadi na si kwa brashi. Ikilowa mara mbili hutoa manyoya na kujikunja. Karatasi ya rangi za maji inayotumiwa zaidi kwenye kadi ina uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, wakati ya fotokopi ina gramu 80 hivi. Uzito pekee hautoshi. Karatasi nzuri hutiwa kinga, mara nyingi jelatini, ili rangi isinywewe papo hapo bali ikae juu kwa muda, iweze kusogezwa na hata kufutwa. Mafundi wa mji wa Fabriano nchini Italia, ambako karatasi imetengenezwa tangu karne ya 13, ni miongoni mwa wa kwanza Ulaya kutumia jelatini ya wanyama kwa kazi hiyo.

Hapa ndipo muhuri na brashi hugombana. Brashi hupenda karatasi yenye vilima na mabonde madogo, kwa sababu rangi hutulia humo na kupata uhai. Muhuri hugusa vilima tu, na mstari hutoka umekatikakatika. Suluhisho la kweli ni kuchagua: uso laini kwa picha zenye nyuso na mistari myembamba, uso wenye vilima kwa majani makubwa na mandhari. Anayetaka vyote viwili aweke tabaka la magazeti au kipande cha sponji ngumu chini ya karatasi, kisha abonyeze muhuri wima bila kuutingisha.

Rangi zenyewe ni mambo mawili tu kimsingi: unga wa rangi na gundi ya mgunga. Gundi hiyo kwa wingi hutoka Sudan, na hata kaskazini mwa Kenya wafugaji huivuna. Tofauti za rangi huletwa na unga, na kwenye tyubu za wachoraji unga huo huandikwa kwa namba ambazo inafaa kuzisoma. PB29 ni bluu ya ultramarini. Zamani ilisagwa kutoka jiwe la lazuli la Afghanistan na bei yake haikushikika, hadi Mfaransa Jean-Baptiste Guimet alipopata njia ya kuitengeneza kiwandani na kutunukiwa zawadi ya faranga 6,000 mwaka 1828. Ndiyo bluu ileile iliyokuwa kwenye vipande vya Reckitt's vya kung'arishia mashati meupe. Chembe zake ni nzito kiasi, hivyo hutua mabondeni mwa karatasi na kuacha madoadoa mazuri ya anga. PB15 ni bluu nyingine, kali na laini, inayoshika karatasi isiondoke tena. Kwa kadi ambayo pengine itarekebishwa, PB29 ni salama zaidi. PR83, nyekundu ya zamani iliyopendwa sana, hufifia ikikaa kwenye mwanga. Kwa kadi itakayosimama juu ya kabati mwaka mzima, afadhali ikwepwe.

Upakaji wa ndani ya mstari una kanuni moja yenye faida kuliko nyingine zote. Usijaze ua zima kwa pamoja. Lowesha petali moja kwa maji safi, gusa rangi kwenye kitako chake, na uache maji yaibebe hadi ncha. Ruka petali ya jirani, nenda ya tatu. Petali mbili mbichi zinazopakana humwagiana rangi; moja ikishakauka, ya pili hutulia kwenye mpaka wake. Na brashi yenye maji mengi isirudi kwenye rangi iliyokauka nusu, maana maji mapya husukuma chembe pembeni na kuacha waa lenye pindo kama la koliflawa. Chumvi ya mezani, ikinyunyizwa wakati mng'ao wa maji ndiyo kwanza unapotea, huzaa nyota ndogo. Ni mapambo ya nyuma tu na huchosha yakizidi.

Kadi yenyewe ni hesabu nyepesi. Karatasi ya A5 ikikunjwa katikati huwa A6, milimita 105 kwa 148, na huingia bila taabu kwenye bahasha ya C6. Picha iliyopakwa ikatwe milimita 95 kwa 138 ili pembeni ibaki kingo ya milimita tano, na karatasi moja ya A4 hutoa picha nne. Kabla ya kulowa, karatasi ibanwe ubaoni kwa maskin tepu pande zote nne, ikaukie hapohapo. Ikijikunja bado, ilale usiku mmoja chini ya vitabu. Ibandikwe kwa gundi ya utepe wa pande mbili, si gundi ya maji. Maneno ya "Hongera" au "Eid Mubarak" yachapwe kwenye ukanda wa karatasi laini na kubandikwa mwisho. Asiyepata mihuri ya mapambo dukani anaweza kuchonga mwenyewe kwenye raba kubwa ya kufutia, au kumpelekea mchoro wake wa wino mweusi fundi wa mihuri, ambaye hakosekani katikati ya miji kama Dar es Salaam na Nairobi. Mistari isiwe myembamba mno.

Kabla ya kununua brashi nyingine, chukua ukanda mmoja wa karatasi utakayoitumia. Chapa muhuri uleule kwa kila pedi uliyonayo, andika jina la wino kwa penseli chini ya kila chapa, ngoja dakika kumi, kisha pitisha brashi yenye maji juu ya zote. Ukanda huo ubandikwe juu ya meza ya kazi.