Kiongozi Aliyeondoka Bila Kuteua Mrithi

Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta ambayo vijana wetu wengi huanza nayo, ilitolewa bure mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Kwa miaka mingi neno lake ndilo lililokata shauri. Julai 2018, akiwa amechoshwa na mabishano juu ya kanuni moja (ndogo mno, kwa maoni yetu), alijiuzulu, wala hakuteua mrithi. Kazi iliyo huru yeyote aweza kuinakili na kwenda zake. Hata hivyo wenzake hawakutawanyika. Walishauriana miezi kadhaa, wakapiga kura, na mapema 2019 wakachagua baraza la watu watano. Katiba yao hairuhusu zaidi ya wajumbe wawili kutoka kwa mwajiri mmoja. Van Rossum naye alichaguliwa humo, mmoja miongoni mwa watano.