Programu ya Biblia Mezani kwa Mhakiki

Mwanafunzi wa fasihi anayechunguza athari za Biblia katika riwaya zetu hana haja tena ya kubeba itifaki nene kama tofali. Anafungua programu ya kompyuta, tuseme e-Sword (ilitolewa mwaka 2000, nayo kwenye Windows haiuzwi), anaandika neno, anabonyeza, aya zinamiminika. Raha tupu! Lakini programu inatafuta herufi, haitafuti maana. Nashikilia kwamba mhakiki anayepokea hesabu yake bila kuihoji atakuwa anamhakiki mfasiri huku akidhani anamhakiki mwandishi.

Tuanze na Kiswahili chenyewe. Andika "upendo" ukiagiza neno zima: alimpenda, wakapendana, mpendwa, wote wanabaki nje. Haya, andika "pend" tu: sasa unaletewa na kupendeza na upendeleo, uchambue mwenyewe kama mchele. Ukitafuta jicho, macho hayaji ng'o. Ngeli na viambishi havimo katika hesabu yake.

Dawa ipo, nayo ni namba za Strong. Mwaka 1890 Mmarekani James Strong alichapisha itifaki iliyolipa kila neno la Kiebrania na la Kigiriki namba yake. Katika programu, namba hizo zimepachikwa kwenye Biblia ya Kiingereza ya King James. Ifungue hiyo sambamba na ya Kiswahili, kisha utafute namba badala ya neno.

Chukua kitabu cha Mhubiri. Neno ambalo Union Version ya 1952 inaliita "ubatili" ni hevel, namba 1892, na katika sura zake 12 limetumika mara 38. Maana yake ya msingi ni pumzi, au mvuke. Kumbe! Sisi tukisikia ubatili tunasikia mahakama: mkataba batili, ndoa batili, kitu kisicho na nguvu tangu mwanzo. Pumzi haikubatilishwa na mtu. Ipo, ina joto, mara haipo. Siwalaumu wafasiri, maana Yeremia analitumia neno hilohilo kwa sanamu, na hapo ubatili unakaa vizuri. Kwa Mhubiri, hata hivyo, tamathali imegeuka hukumu. Sasa wewe unayetaka kumlinganisha na Kazimoto wa Kichwamaji (Kezilahabi, 1974), anayeishia kujiua, huna budi kuamua kwanza: tunaambiwa maisha hayana thamani, au kwamba hayakamatiki? Hizo ni hoja mbili mbali kabisa, na tasnifu nzima inaweza kuangukia hapo.

Namba nazo zina upofu wake. Jina la Habili kwa Kiebrania ni Hevel, konsonanti zilezile. Kwa kuwa ni jina la mtu, Strong alilipa namba ya peke yake, 1893. Tafuta 1892 mpaka usiku wa manane, jamani, Habili hatatokea. Uhusiano huo anaunasa anayesoma kwa sauti, siyo anayebonyeza. Na ukishaunasa, ifunge orodha, urudi Mwanzo 4. Kaini anasema, Mungu anasema, hata damu inalia kutoka ardhini. Habili mwenyewe hapewi neno hata moja. Analeta sadaka yake, anauawa, anapita.