Kuganda na Kuyeyuka: Vitenzi Viwili na Tabia ya Chembe za Maada

Wanalugha wetu wamejishughulisha sana na nomino za sayansi. Tangu Tanzania ilipoamua mwaka 1967 kwamba elimu yote ya msingi itolewe kwa Kiswahili, mango, kimiminika na gesi zimeingia darasani, na mwaka 1990 TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Vitenzi havikupata bahati hiyo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba vitenzi viwili vya kila siku, kuganda na kuyeyuka, vyaweza kumpotosha mwanafunzi kuliko nomino yoyote.

Dhana yenyewe si ndefu. Katika mango, chembe hushikana na kutetema mahali pake. Katika kimiminika hukaribiana karibu vivyo hivyo, ila huteleza na kupishana. Katika gesi huachana mbali, ndiyo maana maji yakichemka yakawa mvuke hujaza nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya awali. (Neno kimiminika nalo lina kasoro yake, kwani hata mchanga humiminwa na kila punje yake ni mango, lakini kasoro hiyo mwalimu huiondoa kwa sentensi moja.)

Tuchukue sasa mfano wa Kinna, katika nyanda za joto za Isiolo, wanakoishi Waborana wafugaji. Sayansi katika madarasa ya juu ya Kenya hufundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu akitaka kufafanua jambo kwa Kiswahili, mifano iliyo karibu ni samli na maziwa. Samli ikipoa huganda. Maziwa yakilazwa kibuyuni huganda pia. Kitenzi ni kimoja, na mtoto ana haki ya kudhani kuwa tukio nalo ni moja.

Kumbe sivyo. Samli inapopoa, chembe za mafuta hupungukiwa na mwendo, zikashikana. Hakuna kilichogeuka isipokuwa mpango wake. Katika maziwa, bakteria huifanya sukari kuwa asidi, na asidi hiyo huzifanya protini zishikane kama wavu, huku maji yakibaki kimiminika ndani ya wavu huo. Moto ndio shahidi: samli iliyoganda ikipashwa hurudi ilivyokuwa, lakini maziwa yaliyoganda hayarudi kuwa mabichi, hujitenga zaidi, mabonge huku, maji kule.

Kuyeyuka kuna utata wa namna hiyo hiyo. Barafu huyeyuka na sukari huyeyuka katika chai. Barafu huhitaji joto tu, na kinachotokea ni maji matupu. Sukari haikufikia joto la kuigeuza kimiminika. Molekuli za maji ndizo zilizoizingira na kuzitawanya molekuli zake. Tanzania baadhi ya walimu hutumia kumumunyika kwa maana hii ya pili, na kwa maoni yangu yafaa Kenya nayo ilipokee.

Kwa maziwa hatuna haja ya kubuni. Wakenya husema maziwa lala, na neno hilo lina sifa ambayo kuganda hakuna: halidokezi baridi hata kidogo, bali muda. Kuganda kungeachiwa samli, maji na nta.