Anayemtibu ng'ombe wako ana cheti gani?

Ng'ombe wa maziwa akizaa kisha akalala na kushindwa kuinuka, mfugaji hana muda wa kuuliza maswali mengi. Humwita yeyote aliye jirani mwenye bomba la sindano. Hapo ndipo wengi wanapopoteza mtamba aliyenunuliwa kwa zaidi ya shilingi milioni moja.

Ugonjwa huo huitwa homa ya maziwa, ingawa hauna homa. Hutokana na kupungua kwa kalsiamu katika damu. Tiba yake ni dripu ya kalsiamu kwenye mshipa, inayoingia polepole huku mhudumu akisikiliza mapigo ya moyo. Ikiingizwa haraka, moyo husimama. Chupa ya dawa ni ileile dukani. Tofauti iko kwenye mkono wa anayeitumia.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 ndiyo inayosema nani anaruhusiwa kutibu mifugo. Wa kwanza ni daktari wa mifugo, mwenye shahada na aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Shahada hiyo huchukua miaka mitano katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Anayefuata ni mtaalamu msaidizi mwenye stashahada, ambaye huandikishwa na Baraza, na chini yake yupo msaidizi mwenye astashahada, ambaye huorodheshwa. Hawa wawili hufanya kazi chini ya usimamizi wa daktari.

Wengi wa wasaidizi hao ndio "bwana mifugo" na "bibi mifugo" wa vijijini. Huandaliwa katika vyuo vya LITA, wakala wa Serikali wenye kampasi kama Tengeru, Mpwapwa, Buhuri, Madaba na Mabuki. Kijana wa kidato cha nne aliyefaulu masomo ya sayansi huanza na astashahada, na akiendelea hadi stashahada hutumia miaka mitatu. Humo hujifunza kumgeuza ndama aliyekwama, kumtoboa ng'ombe aliyejaa gesi ubavu wa kushoto bila kumuua, na kupima dozi kwa uzito wa mnyama badala ya kukisia.

Jambo ambalo wafugaji wengi hawalijui ni kwamba kumaliza chuo hakutoshi. Cheti cha chuo ni kimoja, na cha Baraza ni kingine. Mwenye cha chuo peke yake bado hajaruhusiwa kupita boma hadi boma akitoza fedha. Muuza duka la dawa za mifugo naye, hata akiwa na uzoefu wa miaka mingi, kuuza hakumpi ruhusa ya kutibu. Kenya nako mambo ni hayohayo: sheria ya mwaka 2011 inawataka madaktari na wasaidizi wao wote wawe wametambuliwa na Bodi ya Veterinari ya nchi hiyo.

Ni rahisi kuyasema haya mjini. Mfugaji wa Kiteto au Simanjiro anaweza kutembea siku nzima asimpate mtaalamu, na ujuzi wake wa kutambua ugonjwa kwa macho si wa kudharauliwa. Lakini zipo kazi ambazo macho hayatoshi. Chanjo ya ndigana kali ni mojawapo. Ndani yake mna vimelea hai vya ugonjwa wenyewe, huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji yenye baridi kali, na huchomwa pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini. Kanjanja akikosea dozi ya mojawapo, amempa ndama ugonjwa aliolipwa kuuzuia.

Na mnyama akifa ghafla huku damu ikitoka puani au sehemu ya haja kubwa, mtaalamu hapasui mzoga. Hicho huenda ni kimeta, na anayechuna ngozi au kula nyama anaweza kufa nacho.

Pale wataalamu walipo wachache, dawa ni kuungana. Ushirika wa maziwa unaweza kumlipa mtaalamu mmoja mwenye cheti cha Baraza, akatundika namba yake ya simu kituo cha kukusanyia maziwa, gharama zikakatwa kwenye malipo ya maziwa. Mfugaji mmoja mmoja hawezi kumlipia mafuta ya pikipiki usiku wa manane. Wafugaji arobaini wanaweza.

Akifika, aombwe kuonyesha cheti kabla ya kufungua mkoba. Kisha aandike kwenye daftari jina la dawa, kiasi alichochoma, tarehe, na siku ambazo maziwa hayapaswi kuuzwa. Kipengele hicho cha mwisho ndicho makanjanja hukiruka, na hasara yake humfikia hata mama anayegandisha mtindi sokoni: maziwa yenye mabaki ya dawa za kuua bakteria hugoma kuganda, na kesho yake hanunui tena kwa mfugaji huyo.